Binti Anayetaka Kazi ya "Mawinguni"

Mama mwenzangu,

Mwezi uliopita jirani yangu alinijia akiwa na uso wa huzuni. Binti yake wa kwanza, aliyemaliza kidato cha sita, ameukataa ualimu. Anataka kuwa mhandisi wa mitandao ya wingu. "Dada, huko mawinguni anakwenda kufanya nini?" akaniuliza. "Baba yake amesema hatoi ada kwa kitu asichokiona."

Sikumcheka. Hata mimi ilinibidi niulize kwanza. Hebu tulitazame jambo hili pamoja.

Wingu linalosemwa haliko juu. Ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta, yanayopozwa kwa mashine usiku na mchana. Zamani kila kampuni ilinunua kompyuta zake na kuzifungia chumbani. Mwaka 2006 Amazon ya Marekani ilianza kuwakodisha watu nafasi katika kompyuta zake, na wengine wakafuata. Ni kama kupanga nyumba badala ya kujenga. Amazon ilifungua majumba hayo Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024.

Mhandisi huyu kazi yake ni njia. Wewe ukimtuma mtoto dukani, humwambia apite wapi na nyumba ipi asiingie. Yeye naye huzipangia habari njia ya kwenda na kurudi, huwafungia wezi mlango, na huweka njia ya pili kama ya kwanza ikikatika.

Na hukatika kweli. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, Siku ya Mama, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika upande wa Afrika Kusini. Intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na nchi nyingine za jirani. Siku kama hiyo wahandisi hawalali. Huhamisha habari kwenye nyaya zilizobaki, kama dereva anayezunguka daraja lilipobomoka.

Je, mwanamke anaiweza? Mwaka 1985 Mmarekani aitwaye Radia Perlman alibuni kanuni inayozuia habari zisizunguke mtandaoni bila mwisho, na kanuni hiyo ilienea duniani kote. Yeye ni mama wa watoto wawili. Alipokuwa mdogo, aliyemsaidia hesabu za shule alikuwa mama yake.

Lakini tusidanganyane, kazi hii ina uzito wake. Ni ya zamu, na simu huita hata saa nane za usiku. Kosa dogo huumiza wengi: tarehe 4 Oktoba 2021 amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo iliifunga Facebook, pamoja na WhatsApp, dunia nzima kwa karibu saa sita. Masomo nayo hayaishi. Vyeti vya Cisco na vya Amazon vina nguvu kwa miaka mitatu tu, kisha mtu hufanya mtihani tena au masomo mengine ya kuvihuisha. Tena siku hizi akili bandia inaweza kuandika amri nyingi alizokuwa akiziandika mhandisi. Aliyekariri amri tu ataachwa. Anayeelewa kwa nini njia imepita hapa na si pale bado anahitajiwa, kwa kuwa kampuni zinazidi kuhamia kwenye wingu.

Basi tumsaidieje binti? Kwanza, asiidharau hesabu wala Kiingereza. Pili, aanze na misingi ya mitandao ya kawaida kabla ya kukimbilia wingu. Tatu, jihadharini na chuo kinachoahidi kazi baada ya miezi mitatu. Kabla ya kulipa, waulizeni waliosoma hapo wako wapi leo.

La nne ni letu sisi akina mama. Msichana akiosha vyombo vya watu saba huku kaka yake amekaa na kitabu, tusishangae kaka akifaulu. Tumpe naye saa zake za kusoma, na kaka ashike sufuria.

Jirani yangu alirudi nyumbani akamwambia binti, "Usinieleze mimi, mweleze baba yako." Jioni ile binti alichukua karatasi, akachora nyumba yao, mnara wa simu ulio nyuma ya soko, waya unaoingia baharini, hadi Cape Town. Kisha akaufuta ule waya, akamwuliza baba, "Sasa habari ipite wapi?" Baba alikaa na ile karatasi mpaka chakula kikapoa.

Ada ya muhula wa kwanza imepatikana. Ya pili bado inatafutwa, na jirani yangu ameongeza kuku wa kufuga. Uso wake sasa una nuru.

Tuonane mwezi ujao.