Ufadhili wa asilimia 50: je, mtoto amepewa zawadi au amepunguziwa bei?



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, ambayo kwa kawaida hutoka mwezi Julai, vijana wetu wa Bukoba na Muleba huanza kupokea ujumbe unaofanana. Chuo kilicho nje ya nchi kinampongeza mhitimu na kumjulisha kwamba amepata "ufadhili" wa asilimia 25, 50 au zaidi. Anaambiwa atume nakala ya matokeo, alipe ada ya usajili, na awahi kabla nafasi hazijajaa. Siku hizi simu iko kila mahali, hivyo ujumbe huo unafika Bumbire, Ikuza, Goziba na Mazinga sawasawa na unavyofika Bukoba mjini.

Kwa familia inayoishi kwa dagaa na sangara, neno "ufadhili" ni zito. Mzazi akilisikia anaona mlango umefunguka, na anaweza kuuza injini ya mtumbwi au kipande cha kibanja ili mtoto asipitwe. Kutafuta elimu ni jambo jema na hakuna anayemzuia mtu. Lakini kabla ya kuuza chochote, ni lazima familia ijue neno hilo lina maana gani katika barua iliyo mbele yake.

Makerere ya jana na Makerere ya leo

Watu wa Kagera kuvuka Mutukula kwenda kusoma si jambo jipya. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ndogo ya ufundi yenye vijana 14. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London. Kabla ya Uhuru, Mtanganyika aliyetaka elimu ya juu bila kwenda Ulaya alikwenda huko. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945. Nafasi zilikuwa chache sana, na aliyechaguliwa aligharamiwa na serikali. Mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoziunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na mwaka 1970 kikagawanyika vikawa vyuo vitatu vya nchi tatu.

Babu zetu waliposikia kwamba fulani "amepata Makerere", walielewa kuwa amelipiwa. Hali ilibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Fedha za serikali ya Uganda hazikutosha tena, na kuanzia mwaka 1992 Makerere ikaanza kupokea wanafunzi wanaojilipia wenyewe. Kabla ya muongo huo kwisha, wanaojilipia walikuwa wengi kuliko wanaolipiwa na serikali. Chuo kikabaki kuwa cha umma, lakini mwanafunzi anayelipa akawa sehemu kubwa ya mapato yake. Vyuo vingine vya ukanda huu, vya umma na vya binafsi, vikafuata njia hiyo hiyo.

Kumbukumbu ya zamani ndiyo inayotuchanganya. Barua ya leo inatumia neno lile lile la ufadhili, lakini utaratibu ulio nyuma yake ni mwingine.

Kwa nini chuo kiwapunguzie wageni?

Ili kuelewa hesabu ya chuo, tutazame Marekani, ambako jambo hili limechunguzwa sana. Kule kila jimbo lina vyuo vyake vya umma, na mwanafunzi anayetoka jimbo jingine hulipa ada kubwa kuliko mwenyeji. Baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008, majimbo mengi yalipunguza fedha yaliyokuwa yakivipa vyuo hivyo. Vyuo vikaanza kuwatafuta wanafunzi wa mbali kwa nguvu, na chambo chao kikawa ufadhili. Chuo Kikuu cha Alabama ni mfano unaotajwa mara nyingi: zaidi ya nusu ya wanafunzi wake wa shahada ya kwanza wanatoka nje ya jimbo hilo.

Je, chuo kinapata hasara kwa kuwapunguzia? Hapana. Tuseme ada ya mwenyeji ni 10 na ya mgeni ni 30. Mgeni akipewa "ufadhili" wa theluthi moja, atalipa 20. Amefurahi kwa kuwa amepunguziwa 10, na chuo kimefurahi kwa kuwa amelipa mara mbili ya mwenyeji. Watafiti wengi wa huko wamelalamika kwamba fedha za aina hii huwaendea zaidi watoto wa wenye uwezo, kwa sababu ndio wanaoweza kumalizia kiasi kinachobaki, na watoto wa maskini wa jimbo lenyewe hukosa.

Serikali ya India nayo mwaka 2018 ilianzisha mpango wa kuvutia wanafunzi wa kigeni, ambao vyuo vinavyoshiriki hutoa misamaha ya ada ya ngazi mbalimbali: asilimia 100, 50 na 25. Hakuna aibu katika hilo, kwani nchi inatafuta wanafunzi kama inavyotafuta watalii. Lakini anayepewa asilimia 100 na anayepewa asilimia 25 wote watasema nyumbani kwamba "nimepata ufadhili," na mzazi hatajua tofauti mpaka muhula wa pili.

Mambo matatu yanayoitwa jina moja

Sisi Waislamu tunayo bahati ya kuwa na fiqhi inayotenganisha mikataba kwa majina yake. Chini ya neno "ufadhili" kuna mambo matatu:

1. Hiba. Mtoaji analipa na hadai kitu. Mfano ni ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wahitimu wa kidato cha sita waliofaulu sana masomo ya sayansi na wanaosoma vyuo vya ndani.

2. Qardhi, yaani mkopo. Unapewa, na utarudisha. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ina mpango, ulioanza mwaka 1983, kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama wake, na Tanzania si mwanachama. Mwanafunzi anaupokea ukiwa qardhul hasan, mkopo usio na riba, na anachorudisha kinabaki katika jamii yake kwa ajili ya wengine.

3. Punguzo la bei. Hakuna aliyekupa fedha. Muuzaji amepanga bei, kisha ameishusha ili ununue. Ni halali, kama mfanyabiashara anavyopunguza bei ya kitenge. Lakini hakuna anayesema muuza kitenge amemfadhili.

Barua nyingi zinazofika visiwani ni za aina ya tatu. Mtume (s.a.w.) amekataza biashara yenye gharar, yaani yenye utata na kutojulikana. Mzazi anayelipa bila kujua jumla ya bei, muda wa punguzo na masharti yake, anaingia katika jambo linalokaribia sana katazo hilo. Na Suratul Baqara, aya ya 282, inatuagiza tuandike madeni na muda wake. Ahadi ya miaka mitatu inayotolewa kwa simu tu haitoshi.

Hesabu ya familia

Tuweke mfano wa kufikiria. Chuo cha nje kinatangaza ada ya shilingi 4,000,000 kwa mwaka na kinatoa punguzo la nusu. Inabaki 2,000,000. Chumba na chakula kwa 250,000 kwa mwezi, miezi tisa, ni 2,250,000. Mitihani, usajili, bima na nauli tuseme 600,000. Jumla ni 4,850,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu 14,550,000. Punguzo lote kwa miaka hiyo ni 6,000,000. Ndiyo kusema familia iliyoambiwa imefadhiliwa nusu, italipa zaidi ya mara mbili ya ilichopunguziwa.

Sasa tutazame mlango wa nyumbani. Ada za vyuo vikuu vya umma Tanzania kwa shahada nyingi ni kati ya milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka, na mtoto wa Goziba hulipa sawa na mtoto wa Kinondoni. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, humkopesha mwenye sifa na uhitaji, na fedha ya chakula na malazi iliongezwa mwaka 2022/2023 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Lakini mkopo huo kwa kawaida ni kwa wanaosoma vyuo vya ndani vinavyotambuliwa. Anayevuka Mutukula kwa gharama zake ameuacha nyuma. Hilo halimo katika barua ya chuo, na ndilo gharama kubwa kuliko zote kwa familia maskini.

Kuhusu mkopo wenyewe, Waislamu wengi walitiwa shaka na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyoitwa ya kutunza thamani ya fedha. Rais Samia alitangaza kuiondoa katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021 jijini Mwanza. Marejesho yanakatwa asilimia 15 ya mshahara. Ambaye bado ana shaka juu ya masharti ya sasa ayasome, kisha amuulize mwanazuoni anayemwamini kabla ya kusaini. Makala haya ni uchambuzi, si fatwa.

Tusiwe na upande mmoja

Uganda ina mvuto wa kweli kwetu. Kutoka Bukoba hadi Mutukula ni kama kilomita 80, na hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,400. Wengi tuna ndugu upande wa pili, na lugha si ngeni. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988 chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu (OIC) kimesomesha Watanzania wengi, na kina kampasi ya wanawake pale Kabojja, karibu na Kampala. Kwa mzazi anayemfikiria binti yake, mazingira, usalama na hukumu ya safari yake, hilo ni jambo la kupimwa pamoja na fedha. Ndani ya nchi kuna Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilichoanza mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kilichofunguliwa 2001.

Mwenye uwezo wa kulipa, akakuta kozi nzuri nje na punguzo la kweli, aende kwa baraka za Mwenyezi Mungu. Tunayemhofia ni kijana anayeanza kwa injini ya mtumbwi iliyouzwa, anakwama mwaka wa pili, anarudi bila cheti, na nyumbani chombo cha riziki hakipo tena.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa hata shilingi moja

- Asilimia hiyo ni ya ada ya masomo peke yake, au pia hosteli, mitihani na usajili?
- Ni ya mwaka wa kwanza tu au miaka yote? Akishuka alama fulani, inaondolewa?
- Ada inalipwa kwa fedha gani? Dola ikipanda, nani anabeba mzigo?
- Chuo na kozi vinatambuliwa na mamlaka ya nchi ile, na shahada itatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU)? Kwa udaktari, uuguzi na famasia, baraza la taaluma nalo litamkubali?
- Kijana ana sifa za kusoma shahada hapa kwetu? Kwa kidato cha sita ni angalau principal mbili zenye jumla ya pointi 4. Chuo kinachompokea mwenye kidato cha nne moja kwa moja kwenye shahada kinamtengenezea tatizo la baadaye.
- Amepata kutoka TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi cha kwenda kusoma nje?
- Wakala amesajiliwa na TCU? Na nani anamlipa? Kama analipwa na chuo kwa kila kichwa, ushauri wake uchukuliwe kama wa dalali.

Kazi ya misikiti yetu

Watoto wa visiwani mara nyingi hukwama kwenye karatasi mapema kabla ya kukosa fedha. Maombi ya mkopo yanadai namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Yatima anahitaji pia cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa. Kusafiri kutoka kisiwani kufuatilia hayo wakati dirisha liko wazi ni nauli na siku za kazi zilizopotea. Kamati ya msikiti inaweza kuanza na watoto wakiwa kidato cha tano: iorodheshe nani hana cheti, ichange nauli ya kijana mmoja anayejua kompyuta, na ifuatilie karatasi za wote kwa pamoja. Fedha yake si kubwa. Na mwenye zaka amuulize sheikh wake kuhusu mwanafunzi fakiri aliye kijijini kwake.

Nako nyumbani kunajengwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi ya Kagera kijijini Itahwa, kata ya Karabagaine, Wilaya ya Bukoba, kupitia mradi wa HEET wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa nchi nzima. Viti hivyo viko karibu nasi, lakini watakaovikalia ni wale ambao karatasi zao zitakuwa tayari.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.t.) awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na awape wazazi wao riziki ya halali na subira ya kusoma mkataba mpaka mstari wa mwisho. Aamiin.

Wallahu a'lam.