MENO YA TREKTA: TUTENGENEZE, LAKINI KWA AKILI

Ndugu wanachama,

Wapo wanaosema meno ya chuma, yale ya kubana kwa bolti kwenye kijiko cha mbele cha trekta letu, ni kupoteza fedha. Mimi nasema hapana. Hivi mpaka lini vijana wetu wavunjike migongo kwa magunia ya kilo 100? Meno tunayataka.

Ila kuyatengeneza kwa springi kuukuu za lori, ati ni bure, hilo napinga. Springi ikichomelewa hupasuka kando ya pale ilipochomelewa, tena bila kubisha hodi. Tununue chuma kinachofaa.

Tena mzigo ukisogea mbele ya kijiko, trekta huelemewa zaidi. Magunia yanayobebeka ndani ya kijiko, juu ya meno hayatabebeka yote. Tukilazimisha, mdomo wa kijiko utapinda, magurudumu ya nyuma yatanyanyuka, na jamani, tutazika mtu. Basi uzito ufungwe nyuma, meno yafungwe mnyororo yasitawanyike, mzigo uende chini chini, na mtu asipite chini yake.

Anayelilia bei ajiulize: trekta likipinduka, tutalima na nini? Tuamue mkutanoni.

Ni mimi,
Katibu wa Chama