Mzee Elgar alisema msiiguse

Jana usiku nimeisikiliza tena ile Simfoni ya Tatu ya Elgar. Tamu, sibishi. Ila jamani, ni ya Elgar kweli?

BBC walimpa kazi hiyo mwaka 1932. Saratani ikamuwahi, akafariki Februari 1934, akaacha kurasa zaidi ya 130 za vipande vipande. Akiwa kitandani alimsihi rafiki yake, mpiga fidla Reed, asiruhusu mtu aichokonoe. (Ndiyo, kwa daktari wake alisema kuna atakayeimalizia, hata baada ya miaka 500. Mgonjwa husema mengi.) Reed huyo huyo akazichapa baadhi ya kurasa kitabuni mwaka 1936! Hakimiliki ilipokaribia kuisha, familia ikaona heri imruhusu Anthony Payne kuliko kila mtu aje kujichukulia. Februari 1998 ikapigwa London.

Payne simlaumu. Jina lake lipo juu ya jalada, na kazi aliyoifanya imetajwa. Ugomvi wangu ni na wale wanaosema "Elgar namba tatu", basi.

Niliwahi kuugua nikaacha habari nusu. Ikatoka gazetini imemaliziwa na mwingine, jina langu juu, na hitimisho nisilolikubali mpaka leo. Mimi nilikwenda kugomba. Elgar ataenda wapi?

Na ule mwisho unaofifia taratibu, unaowatoa watu machozi, Elgar hakuacha maelekezo yoyote ya namna simfoni inavyokwisha. Ni wa Payne. Mnalia, haya, lakini semeni mnamlilia nani.