KONA YA WALIMU: Maswali matatu kabla ya kupika sabuni



Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumeona tuongee juu ya kazi ya sabuni. Wamama wengi wanapika sabuni ya mawese nyumbani, na ndiyo inaleta chumvi na madaftari. Hatusemi muiache. Tunasema mjiulize kwanza maswali matatu.

1. Nini inaweza kuumiza?
Ni soda kostiki. Ni nyeupe kama chumvi, lakini inakula ngozi na inaweza kupofusha jicho. Ikiingia katika maji, yanapata moto sana bila jiko. Kwa hiyo maji yatangulie katika ndoo ya plastiki ngumu, halafu soda kidogo kidogo, mkikoroga na mti. Msimwage maji juu ya soda, yataruka usoni. Na msitumie sufuria ya alumini: soda inaitoboa, tena inatoa hewa inayoweza kuwaka.

2. Itamuumiza nani?
Siyo mwenye kazi peke yake. Watoto wetu wakisikia "soda" wanafikiri ile ya kunywa, na wakiona maji meupe katika chupa, wanakunywa. Mtoto akimeza, koo inaungua na anaweza kufa.

3. Tufanye nini mapema?
- Msiweke soda katika chupa ya kunywea hata siku moja. Chombo kifungwe, kiwe juu, mbali na watoto.
- Pikeni nje, watoto wakiwa na mtu mkubwa wa kuwaangalia.
- Vaeni glavu, viatu na nguo ya mikono mirefu. Uso usiinamie ndoo.
- Bomba letu lina saa zake. Jazeni ndoo ya maji safi kabla ya kuanza, isiguswe kwa kazi nyingine.

Ikiruka jichoni au kwenye ngozi, mwagieni maji mengi dakika 20, halafu hospitali. Msipake siki wala ndimu. Aliyemeza msimtapishe, asukutue kinywa, mkimbizeni hospitali na mseme wazi alichomeza.

Maswali haya matatu yanafaa pia kwa wababa wanaochimba choo au kufyatua tofali. Jioni hii muulizane nyumbani, hata watoto wajibu. Wao wanajua vizuri pale mnapoficha vitu.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tuonane mwezi ujao.