Mzee Ashindwapo Kumeza

Mara nyingi mzee akiacha ugali wake watu wa nyumbani husema, "Ni uzee tu." Neno hili limewachelewesha wengi. Uzee humfanya mtu ameze polepole, lakini haumzuii kumeza. Akishindwa, iko sababu, nayo yafaa kutafutwa. Na yule alaye naye kila siku ndiye awezaye kumsaidia daktari kuijua.

Kwanza, mtazameni kinywa: meno mabovu, vidonda, au utando mweupe juu ya ulimi. Mengi ya hayo hutibika upesi.

Pili, angalieni ni wakati gani ashindwapo. Akipaliwa na kukohoa mara anywapo maji, au maji yakamtoka puani, shida i katika koromeo. Hapo daktari atafikiri habari za kiharusi, au ugonjwa wa Parkinson, au mwingine wa mishipa ya fahamu. Mtu huyu asilishwe akiwa amelala, maana chakula chaweza kuingia mapafuni kikaleta kichomi. Na kama mdomo umepinda au mkono umelegea ghafula, apelekwe hospitali saa ile ile.

Tatu, pengine humeza vema, kisha husema chakula kimekwama kifuani. Hapo shida i katika umio, yaani njia ishukayo tumboni. Mwulizeni ni kitu gani kilichoanza kukwama. Kama ni chakula na maji pamoja tangu mwanzo, huenda misuli ya umio haifanyi kazi yake. Lakini kama ilikuwa kwanza nyama na ugali, baadaye uji, na mwisho hata maji, basi njia yenyewe inazidi kuwa nyembamba. Yaweza kuwa ni kovu la asidi ya tumbo. Yaweza kuwa ni saratani. Saratani ya umio huonekana sana katika Afrika ya Mashariki, na wengi hufika hospitali wakati hata uji haupiti. Mzee wa namna hii, hasa akikonda, asingoje mwezi mwingine. Daktari atampitishia kinywani mpira mwembamba wenye taa, aone ndani na kutoa kipande kidogo cha kupimwa. Au atamnywesha dawa nyeupe, kisha apigwe picha ya eksirei.

Mwisho, chukueni dawa zake zote mkazionyeshe, kwa kuwa vidonge vingine huunguza umio vikimezwa bila maji ya kutosha. Andikeni shida ilianza lini, na kwa chakula gani. Asiyejua kuandika, mwalimu wa jirani na amwandikie. Karatasi hiyo ndogo yaweza kumpunguzia mzee majuma mengi ya kuhangaika.