Gunia la pili chini ya cherehani

BARAZANI, na Mwanaisha Kondo

Jumatano, saa kumi na moja jioni, nilisimama kwenye kibaraza cha fundi mmoja karibu na Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Miguuni pake palikuwa na shughuli nzima ya siku: vipande vya kitenge cha sare ya harusi, sateni ya zambarau, lesi nyeupe, ncha za khanga zilizopindwa kwa ajili ya arobaini ya mtu. Vyote vikavu, vyote safi. Kisha kijana wa usafi akapita na fagio lake. Vikasukumwa mtaroni, juu ya maganda ya machungwa na maji ya mama ntilie, vikalowa. Safari iliyobaki ni gari la taka, kisha dampo la Pugu Kinyamwezi.

Wiki hii naomba jambo dogo. Kila fundi awe na gunia la pili, la vipande vikavu peke yake.

Sababu yangu ipo juu ya kabati nyumbani. Mama alipofariki tuligawana khanga zake, na mimi nikapata iliyochakaa kuliko zote. Ilikuwa ya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968. Mji wake ulikuwa umetoboka kwa kufuliwa, lakini pindo lilikuwa bado jeusi ti. Jina limekatika, zimebaki herufi tatu: NDO. Dada yangu anashikilia kwamba ni upendo. Mimi nasema vitendo, kwa jinsi ninavyomjua mama. Haivaliki tena, na mkono hauendi kuitupa. Jirani yangu wa Gerezani, bibi aliyeshona miaka mingi kabla macho hayajachoka, akanitazama nilivyoikunja na kuikunjua, akaniambia: "Mwanangu, niletee boksi la viatu."

Kazi ya kugeuza boksi kuwa sanduku la vitambaa ina masharti yake. Boksi likiwa peke yake hulegea, kwa hiyo tulilivika matabaka manne ya gazeti yaliyopakwa gundi nyeupe ya maseremala, tukaliacha siku mbili, mpaka likawa ukiligonga linalia kama ubao. Gundi ya unga aliikataa katakata. Mende wataila, alisema, na masika yakija itaota ukungu. Kwa hiyo tulingoja kipupwe, hewa ilipokuwa kavu. Vipande vya kitambaa kutoka kwa fundi vilifuliwa kwanza kutoa ugumu wa dukani, vikapigwa pasi. Pamba hunywa gundi ikalala vizuri. Sateni huvuja, ikabaki na doa kama la mafuta, basi kila kipande cha sateni tulikishonea kwanza kitambaa cha pamba kwa nyuma. Pembe za sanduku ndizo zinazomtambulisha fundi: kitambaa hukatwa mshazari, kikakunjwa kama unavyokunja shuka la kitanda cha mgeni. Bawaba ya kifuniko ni ukanda wa jinzi ya mtumba, maana jinzi haichoki kukunjwa. Juu ya kifuniko tukabandika pindo la mama na zile herufi tatu, tukalizungushia vifungo vya rangi ya shaba, simbi mbili za pwani na shanga zilizokatika kwenye mkufu wa binti yangu.

Ndani nilitaka kuweka kafuri kuzuia wadudu. Bibi akanirudishia mkononi. Kafuri ina harufu ya sanda, alisema, weka karafuu. Nikaweka karafuu.

Vile vifungo vimepangwa kwa safu kwa kuiga kasha. Pwani yetu inajua thamani ya sanduku: makasha yaliyokuja Zanzibar kutoka Surat, Bombay na Malabar, yamepigwa misumari ya shaba, yalikaa chumbani yakitunza nguo, dhahabu na barua za familia. Wengi wetu hatuna uwezo wa kununua kasha. Lakini kwa lile la kwangu nilichonunua ni gundi na karafuu tu, na kila kipande nilichohitaji cha kuvika ubavuni kilikuwa kimelala sakafuni kwa fundi cherehani, bure.

Tumebishana sana kuhusu nguo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe kufikia 2019. Marekani ikatishia kutufungia milango ya AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Rwanda ikashikilia msimamo, ikasimamishiwa nafuu ya mauzo ya nguo mwaka 2018, na sisi tukalegeza. Ulikuwa mjadala wa haki, ila macho yote yalikuwa kwenye marobota yanayoshuka bandarini. Kinachoanguka kutoka kwenye mkasi wetu wenyewe sikumbuki nani alikitaja.

Najua mafundi watanijibu. Kibaraza ni cha hatua mbili, gunia la pili litakaa wapi? Na vipande vikavu vikirundikana ni chakula cha moto, na hakuna aliyesahau usiku wa Julai 10, 2021, soko kuu la Kariakoo lilipowaka. Hoja hizo ni za kweli, nami naziheshimu. Basi mfuko uwe mdogo, utundikwe ukutani, uondoke kila jioni. Waokota chupa za plastiki wanaifikia kila kona ya Kariakoo kwa sababu chupa ina mnunuzi. Kitambaa nacho kina wenyewe: wajaza mito, gereji zinazotafuta matambara, kina mama wanaoshona viraka. Kinawafikia kikiwa kimelowa na kunuka, hapo hakina bei. Wenyeviti wa serikali za mitaa ya Kariakoo wanaweza kukaa na wasafishaji na kupanga saa moja tu ya kukusanya vipande kabla ya fagio kupita. Hilo halihitaji mfadhili wala semina.

Ijumaa nilirudi kwa yule fundi. Alikuwa amepigilia msumari nguzoni na kutundika mfuko uliokuwa wa unga wa kilo ishirini na tano, sasa umejaa vipande nusu.

"Shikamoo mama. Vipande vyako hivi, ila leo ni bluu tupu. Shule zinafunguliwa, tunashona sketi."

"Marahaba baba. Bluu hiyo hiyo."

Kitambaa cha sketi za shule ni kigumu. Nitakiweka kwenye kitako cha sanduku la dada yangu, ambaye sasa anataka lake.