AFYA YETU: Jicho Kucheza na Degedege

Jicho lako limewahi kucheza? Ukope hutikisika wenyewe, nawe hukuutikisa. Wazee husema jicho likicheza juu, utaona mgeni. Likicheza chini, utalia.

Si mgeni wala msiba. Mwili wetu una misuli. Ubongo huiamuru misuli kwa njia ya mishipa ya fahamu. Mara nyingine msuli mdogo hucheza bila sisi kutaka. Hutokea zaidi tukichoka, tukikosa usingizi, au tukinywa kahawa nyingi. Lala vizuri, nalo jicho litatulia. Likiendelea kwa wiki nyingi, nenda zahanati.

Lakini kuna kutikisika kwa namna nyingine. Mtoto ana homa kali. Mara anakakamaa. Macho yanageuka juu. Mikono na miguu inatupwatupwa. Ukimwita haitiki. Hiyo ni degedege.

Watu wengine husema degedege ni ndege au pepo. Humfukiza mtoto kwa mavi ya tembo, au humkojolea. Tena husema akipigwa sindano atakufa. Kwa hiyo hawampeleki hospitali.

Mawazo hayo huua watoto. Degedege huja na homa kali, na mara nyingi homa hiyo ni malaria. Malaria ikipanda kichwani, kila saa ina thamani. Mtoto akicheleweshwa, hufika hospitali akiwa taabani. Akifa, watu husema ameuawa na sindano. Kumbe ameuawa na malaria. Sindano ilikuwa dawa yake, ila ilichelewa.

Mtoto akipatwa na degedege, fanya hivi:

1. Mlaze kwa ubavu, mbali na moto na mawe.
2. Usimshike kwa nguvu.
3. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni.
4. Usimnyweshe kitu mpaka azinduke.
5. Mpeleke zahanati au hospitali mara moja, hata kama degedege imekwisha.

Hata usiku, amsha jirani mwenye baiskeli au pikipiki. Usingoje kuche.

Na kabla ya hayo, tuizuie malaria. Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Akipata homa, apimwe damu siku hiyo hiyo.

Jicho likicheza, pumzika. Mtoto akipatwa na degedege, kimbia.